Preampu ya Tyubu ya Bei Rahisi ni Vipodozi, Tuache Kudanganyana

Wasee wa Kisii na Nyamira, leo nitaudhi watu, na wa kwanza ni mimi mwenyewe.

Miezi michache iliyopita niliweka video ya sekunde thelathini. Preampu ndogo iko mezani, taa za nyumba zimezimwa, tyubu mbili zinawaka rangi ya machungwa, ngoma inacheza. Nikaandika: "Saundi imebadilika kabisa!" Msee mmoja wa Nyamira, juzi tu amemaliza kidato cha nne, akaniamini. Alichuma majani chai wiki kadhaa, akalipa elfu nane, akachomeka hiyo kitu kati ya simu na wufa yake. Kisha akaniandikia: "Bro, mbona nasikia tu shhhh?"

Sikuwa na jibu. Sasa ninalo.

Preampu ina kazi tatu: kuinua mawimbi hafifu, kudhibiti volyumu, na kukuchagulia unasikiliza nini. Wufa yako tayari inafanya hizo zote. Ampu nyingi za mtumba zenye kitufe cha volyumu pia zina preampu ndani. Na simu yako haitoi mawimbi hafifu kiasi cha kuhitaji msaada. Ukiongeza preampu ingine hapo katikati, unachokuza ni uchafu: shhhh ya tyubu na mvumo wa chaja.

Na ile rangi ya machungwa? Mara nyingi ni taa ya LED imewekwa chini ya tyubu. Tyubu yenyewe huwaka kidogo tu. Wamekuuzia taa ya kupigia picha.

Halafu kuna umeme. Tyubu kama 6J1, ambazo zimejaa kwa hizi za bei rahisi, ziliundwa kufanya kazi na volti mia na zaidi. Nyingi za hizi preampu zinakula adapta ya volti 12, na hata saketi ikipandisha, tyubu haipati hata nusu ya ile inataka. Ni kama kuita ng'ombe wa maziwa na humpi nyasi.

Najua mtasema, "Lakini tyubu inalainisha saundi!" Sikatai. Tyubu nzuri kwenye saketi nzuri huongeza ladha fulani, na kuna watu wanaipenda. Hata obokano yetu, na nyuzi zake nane, ina mkwaruzo wake, na hakuna Mgusii anauita uchafu. Lakini obokano ni besi nzito. Kama spika yako ni ndogo na imepasuka karatasi, hakuna tyubu duniani itairudishia hiyo besi. Na tukiwa wakweli, hiyo ladha ndogo utaisikia saa ngapi, mvua ya jioni ikipiga mabati?

Kwa hivyo ukiwa na pesa kidogo, fuata mpango huu:

Kwanza, spika. Zaidi ya nusu ya bajeti iende hapo. Nenda na simu yako, cheza wimbo unaoujua, sikiliza kabla ya kulipa.

Pili, mahali. Toa spika kwa kona, ziinue zifike usawa wa masikio. Bamba la jiwe la Tabaka, lile la kuchongea vinyago, ni zito na linakaa vizuri chini ya spika.

Tatu, kilinda stima. Mnajua vile stima huenda na kurudi na hasira.

Nne, ampu safi. Preampu ya tyubu inakuja mwisho, na tu kama ampu yako haina volyumu, au kama umetosheka na kila kitu na sasa unataka ladha. Hapo muulize muuzaji: tyubu inapata volti ngapi? Ni aina inayopatikana kwa urahisi, kama ECC82 au ECC83? Nikikosa kuipenda, narudisha? Akijikanyaga, jiondokee. Na ukipata ile ya volti kubwa, usiifungue. Hata ikiwa imezimwa, kapasita zake zinaweza kukupiga vibaya.

Ile video nimeitoa. Yule msee nimemrudishia elfu nane zake na preampu iko kwangu, inakaa tu kama pambo. Yeye anatafuta spika.

Na wewe unayetaka kunitusi kwa komenti, fanya jaribio moja kwanza. Funga macho, mwambie dada yako abadilishe mara kumi, na preampu na bila, volyumu iwe sawa, asikuambie ni gani. Ukipata tisa, nitaomba msamaha hadharani. Ukipata tano, ulikuwa unabahatisha, na tuache kula pesa za watoto wa watu wanaochuma majani.