"Ni bawasiri tu": Sehemu ya 7

Leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Nimempokea wodini dada wa miaka 34, ana mtoto bado ananyonya. Damu kwenye choo kwa miezi minane. Dukani kauziwa dawa ya bawasiri, jirani kampa mizizi, na sisi wahudumu tukamwambia "wewe bado mdogo, kula mboga, kunywa maji." Hakuna aliyempima. Sasa ana kansa ya utumbo mpana.

Nakubali, mara nyingi ni bawasiri kweli, hasa ukitoka kujifungua. Lakini "mara nyingi" siyo kipimo jamani!

Kansa hii haianzi jana. Ukuta wa ndani wa utumbo unabadilisha seli zake kila baada ya siku chache, kwa hiyo kuna ujumbe unaopita kwenye seli kuziambia: gawanyikeni. Njia moja ya ujumbe huo inaitwa Wnt, na breki yake ni jeni inayoitwa APC. Kwenye kansa za utumbo mpana, karibu 8 kati ya 10, breki hiyo imeharibika. Ujumbe haukatiki, kama kengele ya shule iliyoganda. Kinaota kinyama kidogo, polipi, wala hakiumi. Baadaye jeni nyingine zinaharibika, KRAS ikiwemo, ndipo kinyama kinageuka kansa. Mara nyingi safari hiyo inachukua miaka 10 au zaidi.

Miaka 10! Na polipi ikionekana kwa kamera, mara nyingi inatolewa hapohapo, kabla haijawa kitu.

Wapo pia wanaozaliwa na nakala moja ya APC mbovu tayari. Hao polipi huota kwa mamia tangu ujanani, na kila mtoto wao ana nafasi 1 kati ya 2 ya kurithi. Kwa hiyo muulize mama yako, babu alikufa kwa "tumbo" gani?

Ukiona damu, au choo kimebadilika kwa wiki kadhaa, au unaishiwa damu bila sababu, usitoke kliniki na dawa ya kupaka tu. Sema: naomba nipimwe. Wataanza na kidole, na kidole hakifiki mbali, kwa hiyo uliza na kamera.

Aibu naijua. Na mimi nimeshalala kwenye kile kitanda, nimegeukia ukutani. Kile cha kidole hakikuchukua hata dakika mbili.