Kukaribia Si Kushikamana: Toroli la Mgonjwa na Ushahidi wa Kihisi

Nahodha wa jahazi hahesabu kuwa amefika kwa kuuona ukuta wa gati, wala kwa ubavu wa chombo chake kuugusa. Chombo huwa kimefika pale kamba zilipokwisha kufungwa, mbele na nyuma, na mtu aliye nchi kavu akathibitisha kwamba zimeshika. Abiria anayeruka kabla ya hapo huyahatarisha maisha yake, kwani wimbi moja tu latosha kufungua mwanya kati ya chombo na gati. Kanuni hiyo ya watu wa pwani, iliyo nyepesi kuisema, yahitajiwa sana katika hospitali za kisasa, mahali ambapo toroli la mgonjwa husukumwa na kuunganishwa na mtambo wa tiba.

Kwa muda mrefu mgonjwa alinyanyuliwa kwa mikono kutoka kwenye machela hadi juu ya meza ya eksirei au ya upasuaji. Njia hiyo bado yatumika mahali pengi, na madhara yake yafahamika. Mgonjwa aliyevunjika uti wa mgongo huweza kudhurika kwa kupindwa kidogo tu, nao wauguzi huumia migongo kwa kunyanyua watu wazima kila siku. Kwa sababu hiyo mafundi wamebuni matoroli ambayo bamba lake la juu, pamoja na mgonjwa aliyelala juu yake, huhamia moja kwa moja kwenye mtambo. Matoroli ya namna hii hutumika pamoja na baadhi ya meza za upasuaji, na pia pamoja na baadhi ya mashine za MRI, yaani mitambo inayopiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku. Toroli huletwa mpaka kwenye mtambo, makomeo hushika, kisha bamba huteleza kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Hatari yote imo katika dakika hiyo ya kuteleza. Sheria ya tatu ya Newton yasema kwamba kila kani ina kani nyingine iliyo sawa nayo na iliyoelekea upande wa pili. Bamba linaposukumwa mbele, toroli nalo husukumwa nyuma. Ikiwa komeo la upande mmoja halikuingia sawasawa, na breki za magurudumu ni hafifu, mwanya hufunguka chini ya kiuno cha mgonjwa. Mtu aliye macho angepiga kelele au angeshika ukingo. Mtu aliyepewa nusukaputi, au aliyepooza, hawezi kufanya lolote kati ya hayo. Uhai wake umo mikononi mwa komeo, na mwa yule aliyehakikisha kwamba komeo limeshika.

Hapo ndipo kinapohitajika kihisi. Kihisi ni chombo kinachogeuza hali ya kitu, kama vile umbali, mwanga au mguso, kuwa ishara ya umeme. Vihisi vitumikavyo katika kazi hii vyaweza kugawanywa katika mafungu mawili, na ni muhimu sana mafungu hayo yasichanganywe.

Fungu la kwanza ni la vihisi vinavyopima ukaribu. Kimojawapo hutoa mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliyasikii, kisha hupima muda ambao mwangwi huchukua kurudi. Katika hewa ya nyuzijoto 20 za Selsiasi sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Toroli likiwa sentimita 10 kutoka kwenye mtambo, sauti husafiri sentimita 20 kwenda na kurudi, na muda wake ni kama sekunde 0.00058. Katika chumba chenye nyuzijoto 35, mwendo wa sauti hufikia karibu mita 352 kwa sekunde, na kihisi kisichosahihishwa hukosea kwa karibu asilimia 3. Shuka linaloning'inia huweza kuunyonya mwangwi. Vihisi vingine hutumia mwanga, navyo huweza kupofushwa na vumbi au tone la dawa.

Faida ya vihisi hivi ni kumwonya msukumaji apunguze mwendo. Toroli lenye uzito wa kilo 60 likimbeba mgonjwa wa kilo 70 kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde, lina nishati mwendo ya jouli 65. Mwendo ukipunguzwa kwa nusu, nishati hiyo hubaki robo tu, yaani jouli 16 na ziada kidogo. Kwa mgonjwa mwenye jeraha la kichwa au mfupa uliovunjika, tofauti hiyo si ndogo.

Fungu la pili ni la vihisi vinavyoshuhudia kwamba vitu viwili vimeshikamana. Hapa hutumika swichi ndogo inayobonyezwa na komeo lenyewe, au kipande cha sumaku kinachofunga swichi pale komeo linapofika mahali pake. Karibu na mashine ya MRI njia hii ya pili haifai. Mashine nyingi za aina hiyo zina uga wa sumaku wa tesla 1.5, ambao ni zaidi ya mara 30,000 ya uga wa dunia. Swichi ya sumaku iliyo jirani na uga huo huweza kujifunga bila komeo kusogea.

Kosa la kuogopwa kuliko yote ni kuutumia ushahidi wa fungu la kwanza mahali pa ushahidi wa fungu la pili. Kihisi cha ukaribu kikisema kwamba toroli limefika, hakijasema kwamba limeshikwa. Vivyo hivyo, swichi iliyowekwa chini ya mpini husema tu kwamba mpini umevutwa. Haisemi kwamba ncha ya komeo imeingia katika tundu lake. Fimbo inayounganisha mpini na komeo ikikatika, mpini utavutwa na taa ya kijani itawaka, ilhali komeo halikusogea. Hapana budi swichi iwekwe ndani ya tundu, ibonyezwe na ncha ya komeo, na kila komeo liwe na swichi yake. Ushahidi unaofaa ni wa yule aliyeliona jambo lenyewe, si wa yule aliyeona mlango wa nyumba ambamo jambo hilo lilitendeka.

Jambo la pili ni maana ya kimya. Wahenga walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na mafundi wa reli waliitambua hekima hiyo kwa njia yao wenyewe. Mwaka 1872 William Robinson wa Marekani alipata hataza ya mzunguko wa umeme unaopita katika reli. Reli ikiwa tupu, umeme hupita na ishara huonyesha kwamba njia ni salama. Magurudumu ya treni yakikanyaga reli, umeme haufiki kwenye ishara, nayo huonyesha hatari. Uzuri wa mpango huo ni kwamba betri ikiisha nguvu au waya ukikatika, ishara huonyesha hatari vilevile. Chombo kilichoharibika hakiwezi kutoa habari njema.

Toroli la mgonjwa lahitaji mpango wa namna hiyo hiyo. Umeme upite pale tu makomeo yote yaliposhika. Umeme usipopita, kwa sababu yoyote ile, bamba lisiruhusiwe kuteleza. Swichi yenye njia mbili huongeza usalama. Njia moja hufungwa komeo likiwa nje, na nyingine hufungwa komeo likiwa ndani. Njia ya nje peke yake ikileta ishara, komeo halijashika. Njia ya ndani peke yake ikileta ishara, komeo limeshika. Zote mbili zikinyamaza, huenda komeo limekwama katikati au waya umekatika. Zote mbili zikileta ishara, swichi imeharibika. Kati ya hali hizo 4, moja tu ndiyo ruhusa. Tatu zilizobaki ni katazo. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa vyombo vya umeme vya tiba, IEC 60601-1, ambacho toleo lake la kwanza lilitolewa mwaka 1977, hudai kwamba chombo kibaki salama hata kikipatwa na hitilafu moja.

Somo hili laweza kufundishwa katika darasa lisilo na maabara ya fahari. Yahitajiwa betri mbili, balbu mbili, waya na swichi mbili. Mzunguko wa kwanza uundwe ili balbu iwake komeo likiwa wazi, kama taa ya onyo. Mzunguko wa pili uundwe ili balbu iwake komeo likiwa limefungwa, kama taa ya ruhusa. Kisha mwalimu akate waya mmoja katika kila mzunguko na kuwauliza wanafunzi wangeamua nini. Katika mzunguko wa kwanza, taa ya onyo iliyozimika itawafanya waamini kwamba mambo ni salama. Katika wa pili, taa ya ruhusa iliyozimika itawazuia. Balbu ni zile zile na betri ni zile zile. Kilichobadilika ni fikra ya aliyeunda.

Hata hivyo, hospitali si reli. Treni iliyosimama kwa kawaida iko salama, lakini mgonjwa aliyezuiliwa ndani ya mtambo huenda asiwe salama. Mgonjwa akisimama moyo ndani ya mashine ya MRI, sharti atolewe upesi katika chumba cha sumaku, kwa kuwa vyombo vingi vya kumwokoa haviwezi kuingizwa humo. Mwaka 2001, katika jimbo la New York nchini Marekani, mtoto wa miaka 6 alifariki baada ya mtungi wa oksijeni wa chuma kuvutwa na sumaku na kumpiga akiwa ndani ya mashine. Sumaku hiyo haizimiki kama taa, wala haipotezi nguvu zake mara umeme wa mji unapokatika.

Kutokana na hayo, kumwachia kihisi na umeme kazi ya kushika na ya kuachia ni hatari. Komeo linaloshikwa na umeme peke yake litaachia umeme utakapokatika, pengine mgonjwa akiwa katikati ya safari. Komeo linalosubiri umeme ili lifunguke litamfunga mgonjwa mahali ambapo dakika chache zaweza kuwa uhai wake. Katika nchi ambazo umeme hukatika mara kwa mara, hili si swali la kitabuni. Jibu linalofaa ni kugawa kazi. Kushika iwe kazi ya springi na chuma, au madini mengine yasiyovutwa na sumaku pale inapobidi. Kushuhudia iwe kazi ya kihisi. Kuachia wakati wa dharura iwe kazi ya mguu wa mhudumu juu ya kanyagio, pasipo kutegemea umeme hata kidogo.

Wako watakaosema kwamba vihisi ni anasa, na kwamba mhudumu makini atosha. Kauli hiyo husahau kwamba mhudumu makini naye huchoka, na kwamba tundu la komeo halionekani kutoka mahali anaposimama. Wengine watasema kinyume chake, kwamba kadiri vihisi vinavyozidi ndivyo usalama unavyozidi. Nao pia wakosea. Kila kihisi ni kitu kingine cha kusafishwa, kupimwa na kuharibika. Kengele inayolia pasipo sababu huwafundisha watu kutoisikia, na siku itakapolia kwa haki hakuna atakayegeuka. Vihisi vichache, vilivyowekwa mahali penyewe pa jambo, vyafaa kuliko vingi vilivyotawanywa pembeni.

Wala kihisi kizuri hakimwondolei mhudumu wajibu wake. Kabla bamba halijateleza, alivute toroli kidogo nyuma kwa mkono ili aone kama limeshika. Tendo hilo huchukua sekunde mbili, halina gharama, na huweza kulifichua kosa ambalo taa imelificha.

Wanaonunua matoroli na mitambo kwa ajili ya hospitali wasiridhike na idadi ya taa na kengele. Waulize kihisi kinashuhudia nini hasa, ukaribu au mshiko. Waulize chombo kitasema nini waya wake ukikatika. Waulize mgonjwa atatolewaje umeme usipokuwapo, na wadai waonyeshwe kwa vitendo, taa zikiwa zimezimwa. Muuzaji asiyeweza kujibu maswali hayo hajastahili kupewa fedha za umma.

Nazo shule zina sehemu yake. Mwanafunzi anayejua kuchora mzunguko wa umeme lakini hajawahi kuulizwa mzunguko huo utasema nini ukiharibika, amefundishwa nusu ya somo. Nusu ya pili ndiyo itakayohitajiwa siku atakapokuwa fundi, muuguzi, au mgonjwa aliyelazwa juu ya toroli.