Kesha la Kibatari

Mtaalamu mmoja wa tafsiri, ambaye sitamtaja jina, alinirudishia rasimu yangu imejaa wino mwekundu. Kosa langu? Neno la Kiingereza “lucubration” nimelifasiri kwa “kesha”. Ati kesha ni la ngoma, arusi na matanga. Kazi ya mtu aliyeinamia kitabu usiku haina jina katika Kiswahili, hivyo sharti tuseme “lukubresheni”. Nakataa.

Kwanza, neno hilo Waingereza wenyewe wameliazima. Kwa Walatini, lucubrare ni kufanya kazi kwa mwanga wa taa, na asili yake ni moja na lux, yaani nuru. Basi mwenye neno ni yule aliyewasha taa, awe Roma au awe Wete.

Pili, neno hilo limebadilika tabia. Richard Steele alianzisha The Tatler mwaka 1709, na makala yake yalipokusanywa yakaitwa “lucubrations” za Isaac Bickerstaff, jina la bandia alilojivika. Huo ulikuwa mzaha wa upole. Leo Mwingereza akilitamka, mara nyingi humkejeli mwandishi kwa maandishi mazito yenye majivuno. Mfasiri mwema, kwa hiyo, huuliza kwanza: hapa panasifiwa au panabezwa? Pakisifiwa, “kesha la taa” latosha. Pakibezwa, tunazo “porojo za usiku kucha”. Lakini “lukubresheni” halisifu wala halibezi. Humwacha msomaji gizani.

Kejeli yenyewe ni kongwe. Plutarch asimulia kuwa Demosthenes, msemaji mashuhuri wa Athens, alichekwa kwamba hoja zake zanuka utambi. Naye akamjibu mchekaji kuwa taa zao mbili hazishuhudii mambo ya namna moja.

Tatu, nani kalifungia kesha katika ngoma? Mvuvi wa dagaa hukesha na karabai yake. Mama hukesha na mwana mwenye homa. Katika kesha, kinachotajwa si usingizi uliopotea tu, bali pia kile ambacho mtu amekilinda asilale. Kwa nini kitabu kisilindwe vivyo hivyo?

Mimi chuo sikukipata. Mchana nilibeba magunia; elimu yangu nimeichuma usiku, moshi wa kibatari ukinijaa puani. Na tokea Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokosa umeme kwa takriban miezi mitatu, sisi tusio na jenereta tulirudi kwenye utambi ule ule, tukasoma na tukaandika. Anayesema kazi hiyo haina jina kwetu, asema hatukuifanya.

Rasimu nimemrudishia kama ilivyokuwa. Wino mwekundu nimeuacha pale pale, apate kuusoma mwenyewe, usiku, kwa taa aitakayo.