Majina matatu, nafasi mbili

Mwezi wa nane uliopita, nikiwa likizo kwetu Kambove, mama mdogo aliniita usiku nimsaidie kuomba viza ya utalii kwa njia ya intaneti. Mwanawe anaishi ng'ambo, na kwa miaka sita walikuwa hawajaonana. Pasipoti alikuwa nayo, tiketi ilikuwa imelipiwa, picha alikuwa amekwenda kupigwa Likasi. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Tulikaa hadi umeme ukakatika.

Tulikwama kwenye mstari wa kwanza. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, nayo iliyagawa majina katika nafasi mbili: jina la ukoo, kisha majina mengine aliyopewa mtu. Mama mdogo akaitazama simu, akaniuliza: «Majina yangu iko tatu, na huku banauliza mbili tu. Niache gani?»

Mimi msomi wa isimu sikuwa na jibu. Niliandika la kwanza katika nafasi ya kwanza, la ubatizo katika nafasi ya pili, na la katikati nikaliacha. Viza ilifika kwa barua pepe siku ya nne, tukashangilia. Lakini siku ya safari, mfanyakazi aliyekagua karatasi aliona viza ina majina mawili na pasipoti ina matatu. Mama mdogo akarudi nyumbani na sanduku lake. Ada ya viza haikurudishwa, na kubadilisha tiketi kulimeza faida ya miezi miwili ya unga anaouza sokoni.

Kosa lilikuwa langu, simtupii mwingine. Lakini tangu siku ile nimeliona kuwa jambo linalohusu kitivo chetu. Fomu ya viza ni matini yenye sarufi yake, na sisi tunaosomea lugha tumewaachia kazi hiyo vijana wa saiba, ambao hulipwa na kubahatisha.

Tuanze na majina yenyewe. Mwaka 1972, katika siasa ya «authenticité», Mobutu aliagiza raia waache majina ya kigeni. Yeye mwenyewe aliacha Joseph-Désiré. Hapo ndipo «postnom» ilipochukua mahali pa jina la ubatizo. Baada ya utawala wa chama kimoja kukoma mwaka 1990, majina ya ubatizo yalirudi, lakini «postnom» haikuondoka. Ndiyo maana leo Mkongomani ana «nom», «postnom» na «prénom». Fomu nyingi za nje hazikutungwa kwa ajili ya historia hiyo.

Sisemi kwamba viza ya kielektroniki ni mbaya. Balozi nyingi ziko Kinshasa, na mtu wa Kambove hafiki huko bila kununua tiketi ya ndege. Tanzania ilianza kupokea maombi mtandaoni mwaka 2018, Ethiopia nayo huyapokea hivyo, na Kenya, tangu Januari 2024, iliondoa viza na kuweka kibali ambacho wageni wengi hukiomba kwa simu tu. Hiyo ni nafuu kubwa. Ila karani wa dirishani alikuwa anaweza kukuuliza: «Mama, hili la katikati ni la nini?» Fomu haiulizi. Inapokea kosa lako kimya kimya, halafu inatoza ada.

Jibu nililolikosa usiku ule lilikuwa mezani mbele yetu. Chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti kuna mistari miwili ya herufi, kila mmoja una alama 44, kwa kanuni ya shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Mashine husoma hapo. Katika mstari wa kwanza, baada ya herufi COD za nchi yetu, yanakuja majina, nayo yametenganishwa na vijishale viwili vilivyofuatana. Kilicho kabla ya vijishale viwili kiandikwe katika nafasi ya kwanza ya fomu. Kilicho baada yake, katika nafasi ya pili. Kijishale kimoja peke yake ni pengo tu kati ya maneno. Kwa hiyo pasipoti imekwisha kuamua «postnom» inakaa upande gani, na kazi yetu ni kunakili, kwenye viza na kwenye tiketi vilevile.

Mwenzangu mmoja darasani anasema dawa ni kudai fomu za Kiswahili, kwa kuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikifanya lugha rasmi mwaka 2021 nasi tukajiunga mwaka 2022. Namuunga mkono, lakini tafsiri peke yake isingemwokoa mama mdogo. Kiswahili sanifu kingeandika «jina la ukoo», na «nom» yetu mara nyingi si ya ukoo. Katika nyumba moja ya Waluba wa Katanga, mmoja amerithi jina la babu, mwingine la shangazi, na wengine wawili ni Kyungu na Kabange kwa sababu ni pacha. Ukimwomba mmoja wao jina la ukoo, anakutazama tu.

Ninachopendekeza ni kidogo. Wanafunzi wa Kiswahili na walimu wetu waandike ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha mama zetu, unaoeleza fomu hizi: majina yananakiliwa wapi, tarehe huanza na siku au mwezi, na viza ya kuingia mara moja inakwisha nguvu ukivuka mpaka hata kwa siku moja. Ubandikwe sokoni, parokiani na saiba. Wapo watakaosema hiyo si isimu. Nawaomba waniambie basi ni kazi ya nani.

Mama mdogo alisafiri mwezi uliofuata, kwa ombi jipya na ada mpya. Safari hiyo pasipoti aliishika mwenyewe. Alinisomea herufi za chini moja moja, nami nikaandika.