Kuni za Kisiki: Mti Ukatwao Ukachipua Tena



Mshahara wa askari hufika mwisho wa mwezi, lakini kuni huisha katikati yake. Mama aliye Kasese mjini hununua makaa kidogo kidogo, na kila kopo lapunguza fedha za sabuni na daftari. Aliye kando ya Mbuga ya Taifa ya Queen Elizabeth huenda akashawishika kuingia humo kuokota vijiti, ingawa ajua kwamba hana ruhusa na kwamba nyati na tembo hawapigi hodi. Wiki hii twazungumzia njia iliyo salama zaidi: kuvuna kuni katika kiwanja chako mwenyewe, kwa mti ule ule, mara nyingi.

Ipo miti ambayo ukikata shina lake mizizi haifi. Kisiki huchipua, na kwa kuwa mizizi imekwisha kushika ardhi, machipukizi hukua upesi kuliko mche mpya. Nchini Uswidi, baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, watu walianza kuulima mwerebi, mti utajwao katika kitabu cha Isaya, kuwa zao la nishati. Huukata kila baada ya miaka mitatu au minne, huuchoma katika mitambo ya kupasha miji joto na kuzalisha umeme, na visiki huendelea kuzaa kwa miaka ishirini na zaidi. Karibu na kwetu, mji wa Addis Ababa ulipoishiwa kuni mwishoni mwa karne ya 19, katika enzi ya Mfalme Menelik II, ulisalimika kwa mikaratusi iliyoletwa kutoka Australia.

Mwerebi wapenda nchi za baridi. Sisi tunayo miti mitatu ya kufikiria.

Wa kwanza ni mkaratusi, ambao wengi huuita kalitusi. Hukatwa baada ya miaka sita hadi minane, na kisiki kimoja chaweza kuvunwa mara tatu au zaidi. Hutoa kuni na nguzo, lakini hunywa maji mengi na hudhoofisha mazao yaliyo jirani. Usiupande karibu na chemchemi, wala kando ya migomba au mihogo.

Wa pili ni kaliandra, mti mdogo wa Amerika ya Kati. Mwaka 1936 ulipelekwa kisiwa cha Java kutoka Guatemala, na baadaye wanakijiji huko wakaufanya mti wao wa kuni. Waweza kukatwa ukiwa na umri wa mwaka mmoja tu. Majani yake huliwa na mbuzi na ng'ombe, maua yake hupendwa na nyuki, na mizizi yake hurutubisha udongo. Wafaa sana miteremko ya Bwera, ukipandwa kwa mstari juu ya makinga maji. Loweka mbegu katika maji baridi siku moja hadi mbili kabla ya kuzisia kitaluni. Ukiacha mita moja kati ya mche na mche, mstari wa mita 100 wachukua miche 100 hivi, bila kula shamba la chakula.

Wa tatu ni mjohoro, unaovumilia joto na ukame wa bonde la Kasese. Huchipua vizuri, ila majani yake ni sumu kwa nguruwe. Basi mwenye banda la nguruwe na aupande mbali.

Kukata nako kuna kanuni. Tumia msumeno, panga butu hupasua gome, na kisiki kilichopasuka huoza. Mkaratusi ukatwe sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini, na kaliandra sentimita 30 hadi 50. Mkato uwe mshazari ili maji ya mvua yateremke. Kata mvua zikaribiapo, mwezi wa Machi au Agosti. Machipukizi ya mkaratusi yakifika kimo cha mtu, acha mawili au matatu yenye nguvu na uondoe mengine. Usikate shamba zima kwa siku moja. Ligawe mafungu sita, ukate fungu moja kila mwaka. Ukimaliza la sita, la kwanza liko tayari. Kisha zianike kuni kwa miezi kadhaa mahali pakavu, kwa maana kuni mbichi hutoa moshi mwingi kuliko moto, na moshi huo huingia vifuani mwa mama na watoto.

Askari atauliza: "Leo niko Mpondwe, kesho nahamishiwa Karamoja. Nimpandie nani?" Swali ni la haki. Katika kambi, omba kwanza idhini ya mkuu wako, kisha panda kaliandra. Utavuna kabla ya uhamisho, au atakayekufuata atavuna, nawe huenda ukakuta ya mwingine uendako. Mkaratusi upande nyumbani kwenu, ukungoje ustaafu.

Lakini hapo pana jambo linalovunja amani ya nyumba. Mara nyingi baba hupanda, mama na watoto hupalilia, kisha siku ya kukata nguzo zote huuzwa, na mama hurudi porini kutafuta vijiti. Mzungumze kabla ya kupanda: mafungu haya ni ya soko, haya ni ya jiko. Mwekeane neno hilo mbele ya watoto, lisije likasahaulika.

Mwisho, tuikumbuke mito. Mto Nyamwamba ulipofurika mwaka 2013 na tena mwaka 2020, Kilembe na Kasese walilia. Kanuni za nchi za mwaka 2000 ziliweka ukanda wa hifadhi wa mita 30 kandokando ya mito, na mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa humo. Miti na majani ya ukanda huo yaachwe yashike udongo, na kuni zetu zitoke shambani.

Wiki ijayo, tukijaliwa, tutaeleza jinsi ya kufinyanga jiko la udongo lisilokula kuni nyingi. Kwa sasa, tafuteni mbegu. Haba na haba hujaza kibaba.