Tiba ya uraibu kutoka mkutanoni hadi kliniki
Tiba ya uraibu wa heroini kwa methadoni ilianza Tanzania Bara Februari 2011 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, kisha ikasambaa mikoani hadi Hospitali ya Bombo mjini Tanga. Mwambao wa Tanzania unaihitaji sana tiba hii, kwani heroini inayovushwa Bahari ya Hindi kwa majahazi huacha waraibu katika miji ya pwani inamopita. Kwa kawaida mraibu hufika kliniki kila siku, hupewa methadoni ya maji, huinywa mbele ya mhudumu, kisha husemeshwa kidogo kuhakikisha ameimeza. Heroini huisha nguvu baada ya saa chache na kumwacha mtumiaji na arosto, yaani mateso ya kuikosa. Dozi moja ya methadoni humtuliza takriban siku nzima, akaweza kufanya kazi na kulala. Hata hivyo dawa peke yake haitoshi bila mhudumu aliyefunzwa kupanga dozi, kutoa ushauri nasaha na kutambua kifua kikuu, VVU na homa ya ini. Hapo ndipo vyama vya kitaaluma vinapohitajika. ISSUP, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa kinga na tiba ya uraibu wa pombe na dawa za kulevya, ilianzishwa 2015 na kukutana Nairobi mwaka 2018. Mikutano ya aina hiyo hulinganisha mbinu na viwango vya mafunzo. Faida yake ikamilike kliniki: muuguzi aliyehudhuria awafunze wenzake, na mraibu apokewe kwa heshima kama mgonjwa mwingine yeyote.