Mashine Ikinyamaza, Anza Ukutani

Ndugu msomaji, mashine ya kufulia ambayo katika nyumba moja ni anasa, katika nyumba nyingine ni jembe. Dada yangu mkubwa ni mjane anayeishi Temeke, Dar es Salaam. Riziki yake ni kufua mashuka ya nyumba mbili za wageni pamoja na sare za watoto wa majirani. Jumatano moja alinipigia simu kwa sauti ya mtu aliyefiwa. "Mdogo wangu, mashine imenyamaza. Haiwaki taa, hailii, haifanyi lolote. Na mashuka ya watu yanatakiwa Ijumaa."

Nilipofika jioni nilikuta fundi amekwisha kupita. Alibonyeza kitufe mara mbili, akatoa hukumu kuwa bodi imeungua, na kwamba kuibadilisha kungegharimu shilingi 220,000. Dada alikuwa ameanza kuzihesabu fedha alizopokea katika upatu, fedha alizokuwa amezitenga kwa ada ya chuo ya mwanawe.

Mimi si fundi wa umeme. Nina bisibisi, mita ndogo ya kupimia umeme, na mazoea ya kuuliza maswali. Nilimwomba dada jambo moja tu: asilipe hata senti kabla hatujaifuata njia ya umeme, hatua kwa hatua, kutoka ukutani hadi ndani ya mashine.

Mashine isiyowasha hata taa moja, mara nyingi haipati umeme kabisa. Ile inayowasha taa lakini haizungushi pipa ina ugonjwa mwingine. Wengi huyachanganya mambo haya mawili, na hapo ndipo fedha hupotea.

Tulianza na soketi. Taa za nyumba zilikuwa zinawaka, kwa hiyo LUKU haikuwa imekwisha. Nikachomeka pasi katika soketi ile ile ya mashine, nayo ikapata moto. Nilichagua pasi kwa makusudi. Balbu ndogo huweza kuwaka hata pale soketi ilipolegea, lakini pasi hudai umeme mwingi kama mashine yenyewe, hivyo huufichua udhaifu. Soketi ilikuwa nzima.

Tukaja kwenye plagi, ikiwa imekwisha kuchomolewa. Nilipoifungua, harufu ya plastiki iliyoungua ilitupokea. Skrubu inayoushika waya wa moto, ule wa rangi ya kahawia, ilikuwa imelegea, na nyuzi chache tu za shaba ndizo zilizokuwa zimeshikwa. Pembeni plastiki ilikuwa imebadilika rangi. Nikaitoa fyuzi na kuipima. Ilikuwa imekatika.

Mwana wa dada, kijana mwepesi wa mikono, akasema, "Mjomba, tufunge kipande cha waya hapo tuone kama itawaka."

Nilimkatalia, nami nakuomba wewe msomaji ukatae vilevile. Fyuzi ni mlinzi wa mlangoni. Akianguka, kwanza uliza kilichomwangusha. Ukiweka waya au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pake, mlango umeuacha wazi, na siku umeme utakapozidi, kitakachoungua ni kamba, kisha pazia, kisha nyumba.

Kwa hiyo, kabla ya kununua fyuzi mpya, tulipima mambo mawili, plagi ikiwa bado nje. Kwanza, kati ya waya wa moto wenyewe na mguu wa ardhi mita haikuonyesha njia yoyote, ikiwa ni dalili kwamba umeme hauvuji kwenda kwenye bati. Kipimo cha mita ndogo hakigundui kila uvujaji, lakini ule mkubwa hukionyesha. Pili, kati ya mguu wa ardhi na skrubu ya chuma iliyo nyuma ya mashine mita ilisoma karibu sifuri. Hivyo waya wa ardhi ulikuwa haujakatika. Mtu afuaye akiwa na mikono yenye maji, sakafu ikiwa imelowa, huutegemea waya huo kwa uhai wake.

Sababu ikawa dhahiri. Skrubu iliyolegea huzaa joto. Kipasha maji cha mashine nyingi za aina hii hutumia wati zipatazo 2,000, na kwa volti 230 hizo ni karibu ampea 9. Mzigo huo ukipita katika nyuzi tatu au nne za shaba, plagi huchemka hadi fyuzi ikakatika. Tulikata sehemu ya kamba iliyoungua, tukafunga plagi mpya iliyo imara, tukakaza kila skrubu, na kuweka fyuzi ya ampea 13. Ile ya ampea 3 ingekatika mara moja maji yakianza kupashwa. Gharama yote haikufika shilingi 10,000. Dada alipobonyeza kitufe, taa iliwaka. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanyamaza kwa muda.

Mashine yako ikiwasha taa lakini ikakataa kuanza, utazame mlango. Kitasa chake kina swichi, na kisiposhika sawasawa mashine haitaanza, kwa usalama wako. Mara nyingine ni ncha ya shuka tu iliyobanwa. Ikiingiza maji lakini pipa halizunguki, huenda mkanda umechomoka, au, kwa mota zenye brashi, zile kaboni zimekwisha. Hivyo vyote ni vya bei ndogo kuliko bodi.

Jua pia mahali pa kuishia. Ikiwa swichi kuu inakatika kila uichomekapo mashine, au bati linakutekenya mkono, ichomoe wala usiijaribu tena. Hapo aitwe fundi aliyesomea kazi hiyo. Usifungue mfuniko plagi ikiwa ukutani, hata kwa dakika moja, na kwenye bodi usiguse hata baada ya kuchomoa, kwani baadhi ya vipande vyake hubaki na umeme.

Simwiti yule fundi mwizi. Bodi huungua kweli, hasa umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Kosa lake ni kuhukumu chumba cha ndani kabla ya kugonga mlango. Ajapo fundi kwako, mwulize kwa heshima, "Fundi, umeme umefika mpaka wapi?" Fundi mzuri ataitoa mita yake na kukuonyesha. Asiyeweza kujibu bado hajapima.

Mashuka yalifika kwa wenyewe Ijumaa asubuhi, na ada ya chuo ikalipwa kwa wakati. Leo jioni, ndugu msomaji, ichomoe plagi ya mashine yako ikiwa imezimwa, uikague. Ukiiona ina weusi, au ikiwa ya moto kila baada ya kufua, usingoje inyamaze. Usipoziba ufa utajenga ukuta.